Kabari za Kisigino

Mafundi makochi wa zamani hufanya kazi na misumari mdomoni. Hutia konzi ya misumari midogo kinywani, wakaisukuma mmoja mmoja kwa ulimi mpaka kwenye midomo, wakaudaka kwa nyundo yenye sumaku na kuupigilia. Ndivyo Misumari alivyopata jina lake. Na kama kuna mtu aliyeyapenda mazoea hayo ni mkewe, kwa sababu mume mwenye misumari mdomoni hawezi kutukana. Balaa lilianza kila alipoitema.

Siku yenyewe aliitema yote kwa mpigo, ikatawanyika sakafuni mwa karakana. Mteja alikuwa ndiyo kwanza ametoka. Alikuwa ameuliza kama sponji iliyotiwa kwenye kochi lake ni mpya, na mke, ambaye mtaa mzima ulimwita Foronya kwa ajili ya mito aliyoshona, akamjibu kwamba ni ile ile ya zamani, imegeuzwa upande tu. Mteja akaita mkokoteni, akaondoka na kochi lake.

"Umenivua nguo mbele za watu," Misumari akasema.

"Kaniuliza, nikamjibu. Ningesemaje?"

Nyundo ilimpita sikioni ikavunja kioo cha dirisha. Kabla vipande havijamaliza kudondoka, mume alikuwa ameshafika. Alimzungushia mkono shingoni kutoka nyuma, akakaza, akamwinua mpaka vidole vya miguu vikawa vinatafuta sakafu. Foronya aliona weusi. Alimng'ata mkono kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akasikia ladha ya damu isiyo yake, mkono ukalegea, akachoropoka. Alikimbia kuzunguka meza ya kukatia vitambaa, akaruka jora lililolala njiani, akaelekea mlangoni. Misumari naye akakita mguu wa kulia ili aruke.

Pah!

Ulilia kama ubao unaovunjika. Mwanamume wa watu akaanguka kifudifudi juu ya jora, na maneno ya kwanza kumtoka yalikuwa: "Nani kanipiga?"

Akageuka. Nyuma yake, hatua chache tu, alisimama Randa, mdogo wake Foronya, seremala wa fremu za makochi, ambaye kelele zilimtoa uani. Mkononi alishika mguu wa kochi aliokuwa akiuchonga. Hebu sema mwenyewe: ungekuwa wewe, ungeamini nini?

"Shemeji," Misumari akasema, taratibu kabisa. "Umenivizia kwa nyuma."

"Sijakugusa. Ndiyo kwanza naingia!"

Misumari aliokota mkasi wa kukatia ngozi akamrushia. Mkasi ulimchana Randa juu ya jicho, damu ikalifumba.

Hospitalini, daktari wa mifupa aliubonyeza mguu, akasema mshipa mnene wa nyuma ya kisigino umekatika, na ni lazima ushonwe. Misumari akamtaka aandike kwamba amepigwa na shemeji yake kwa mguu wa kochi.

"Hukupigwa, mzee wangu," daktari akasema. "Huu hukatika wenyewe mtu anaporuka. Na kila anayekatika husema amepigwa teke au rungu kwa nyuma. Wote husema hivyo hivyo."

"Basi wote walipigwa," akajibu Misumari.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu guu lilishavunjika, na la mkuu bado hakulisikia.

Baada ya upasuaji na plasta, alikabidhiwa kwa mama mmoja mnene mcheshi, fundi wa viatu vya tiba, ambaye chumba chake kilijaa nyayo za plasta, mikanda, na viatu virefu vya plastiki ngumu. Alimvisha Misumari kimoja kilichofika chini ya goti, akakifunga kwa mikanda ya kunata. Kisha akamwita Foronya asogee, maana wagonjwa, alisema, huitikia "ndiyo" huku akili iko kwao.

"Hizi ni kabari, mwanangu. Tano. Zimepangwa chini ya kisigino ili mguu uelekee chini, mshipa usivutike. Kila mkija kliniki nitakwambia utoe moja. Kisigino kinashuka kidogo kidogo mpaka kikanyage chini kama zamani. Asivue buti akausimamia mguu huu mpaka niseme mimi. Akivua kabla ya wakati akaruka, mshono unafumuka. Umenielewa?"

Foronya alielewa kuliko alivyoambiwa. Neno kabari alilijua tangu utotoni, kipande cha mti kinachosukumwa chini ya mlango au kwenye kiungo cha fremu kilicholegea. Baadaye akalijua kama vibaka wanavyolijua, mkono kooni kutoka nyuma, na hilo alifundishwa nyumbani kwake mwenyewe. Na fumuka lilikuwa neno la kazi yake. Kwa hiyo alisimama pale katikati ya nyayo za plasta akipiga hesabu ambayo fundi wa viatu hakuijua: kabari tano chini ya kisigino cha mumewe ndizo zilizotenganisha shingo yake na ule mkono.

Njiani kurudi, Misumari aliifunga hesabu hiyo kwa mdomo wake mwenyewe. "Kabari ya mwisho ikitoka tu, namvunja ndugu yako miguu yote miwili. Wewe utamvisha buti kama hivi unavyonivisha mimi. Halafu nakuja kwako."

Karakana ile na vyumba vya nyuma vilikuwa vya marehemu baba yao Foronya. Misumari alifika pale kama mwanafunzi wa kazi, akaoa binti wa fundi, na fundi alipofariki akavaa na ukali wote wa mwenye mali. Ndiyo maana Foronya hakuondoka. Aende wapi, amwachie nani meza ya babake? Lakini mdogo wake yeye, Foronya alimsihi aondoke.

"Siendi," Randa akasema. Kovu juu ya jicho lilikuwa bado bichi. "Nikikimbia, dada, nitakuwa nimekubali kwamba nilimpiga. Sikumpiga. Japo Mungu anisamehe, siku hizi natamani ningempiga."

"Atakuua."

"Kwa mguu upi?"

Wakacheka, kicheko cha watu waliokaliwa na jambo kifuani. Kisha Randa akarudi kwenye fremu zake.

Usidhani buti lilileta amani. Mtu akinyang'anywa mguu hujifunza kupiga akiwa amekaa. Misumari alihamishia kiti chake katikati ya karakana, akawa anatumia gongo la kutembelea kama mchungaji anavyotumia fimbo. Uji ukiwa wa moto, gongo. Ukiwa wa baridi, gongo. Siku moja alilitupa likampata Foronya mgongoni akiwa anashona, sindano ya mashine ikamtoboa kidole mpaka upande wa pili, na ilibidi Randa azungushe gurudumu la mashine taratibu ili itoke. Misumari alitazama kazi hiyo yote akitafuna muwa.

Na bado, kila asubuhi, mke huyo huyo alimpigia magoti. Mikanda ya kunata ililia ilipobanduliwa, buti likafunguka, akamwosha mguu kwa kitambaa huku ameelekeza vidole chini kama alivyofundishwa. Nyuma ya kisigino ulipita mshono. Foronya aliutazama kwa jicho la kazi, akaona ni mzuri, wa mkono, umekwenda sawa bila kukunja ngozi. Aliyeushona alikuwa fundi. Mara nyingine kidole gumba chake kilikaa juu ya mshono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ungeweza kuusukuma mguu huu juu kwa nguvu, mara moja tu, na kilio chake kingesikika mtaa wa pili. Alichukia kwamba alilifikiria. Alichukia zaidi kwamba hakuweza. Basi akakausha katikati ya vidole, akavalisha soksi, akafunga mikanda.

Kabari ya kwanza ilitoka. Ilipofika zamu ya pili, Foronya alifanya ujanja. Fundi wa viatu alimwambia aitoe akifika nyumbani, na yeye akaingiza mkono ndani ya buti, akapapasapapasa, akautoa umeshika kipande cha sponji gumu alichokikata mwenyewe kwa umbo lile lile. "Imetoka," akasema. Nne zikabaki mahali pake. Alijiambia kwamba anavuta siku, na siku moja inayovutwa ni siku moja Randa ana magoti.

Njia ya mwongo ni fupi. Misumari alikuwa fundi makochi miaka yote hiyo. Sponji aliijua kwa harufu. Aliokota kile kipande kwenye takataka, akakibinya, kikabonyea na kurudi. Akavua buti mwenyewe, akahesabu, na kumwita mkewe kwa sauti tamu kabisa.

"Mke wangu, njoo. Ngapi hizi?"

Hakumpa nafasi ya kujibu. Alimdaka nywele, akambamiza uso kwenye ukingo wa meza, mara ya kwanza, mara ya pili, na jino la mbele likabaki kwenye mbao. Randa aliingia mbio akamvuta dada yake, akapokea gongo la mbavu. Jirani aligonga ukuta akauliza kuna nini. "Tunahamisha kochi!" Misumari akamjibu, na jirani akaridhika, maana majirani wengi huridhika upesi.

"Kumbe ndiyo mchezo wenu," Misumari akawaambia wawili hao walioshikana pale chini. "Mmoja kanivunja, mwingine ananiweka kilema. Kabari hizi ndizo zinazonilemaza. Mguu wenyewe mzima!"

Kuanzia hapo kila alichosema mkewe kikawa uongo. Kliniki iliyofuata alikwenda peke yake, au alisema amekwenda. Alirudi na tabasamu, akatangaza kwamba ameambiwa amepona. Kutwa nzima alikuwa mchangamfu. Alipiga hata mluzi.

Kesho yake, jua likiwa kali na mlango wa karakana umefungwa kwa ajili ya vumbi, Misumari alikaa kitini kwake akafungua mikanda. Krrr. Krrr. Krrr. Akatoa kabari zilizobaki moja baada ya nyingine, akawa anamrushia mkewe kama mtu anayemrushia kuku punje. Moja ilimpata shavuni, juu ya uvimbe.

"Chukua. Zishonee foronya."

Kisha buti lenyewe. Akalitupa pembeni, akaweka mguu mweupe uliosinyaa ndani ya kiatu chake cha ngozi, akafunga kamba.

Hapo Foronya alisema kweli, na aliisema akiwa amepiga magoti, kwa sababu licha ya yote alikuwa ameutunza mshono ule kwa mikono yake. "Usivue buti. Nakuomba. Yule mama alisema bado. Utafumuka. Safari hii sikudanganyi."

"Ulidanganya juzi, leo husemi kweli," akasema mumewe, akasimama.

Alisimama kweli. Kisigino kilikuwa chini. Alipiga hatua moja, ya pili, akiburuta kidogo, na uso wake ukang'aa kwa furaha ya mtoto. Foronya hatausahau uso ule. Kwa dakika ile alikuwa mtu tu aliyefurahi kutembea. Kisha akatoa nondo nyuma ya kiti, alikokuwa ameificha, akaenda uani.

Randa alikuwa ameinama chini ya fremu kubwa ya kochi la watu watatu, anakaza kiungo. Hakusikia hatua, maana masikio yake yalijaa mlio wa nyundo yake mwenyewe. Nondo ya kwanza ilimpata bega, ikalivunja. Ya pili iliiangusha fremu juu yake, ikamlalia tumboni na kuibana mikono. Magoti yakabaki nje, yamepangika sawia kama kazi iliyowekwa mezani. Misumari alimkokota kwa miguu, fremu na mtu kwa pamoja, mpaka ndani ya karakana, akaufunga mlango wa uani nyuma yake. Alitaka mkewe aone.

"Lipi kwanza, shemeji? La kulia, kama langu?"

Randa alikuwa analia, si kwa aibu, kwa maumivu. "Sikukupiga. Wallahi sikukupiga."

Misumari aliinua nondo kwa mikono miwili.

Sasa tazama walivyokaa, maana jambo zima limo hapo. Randa chini, mbele ya miguu ya Misumari. Foronya upande wa pili wa meza. Kati ya meza na mlango wa barabarani, lile jora njiani, ambalo hakuna aliyekuwa amelisogeza tangu siku ile. Nyuma ya Misumari hapakuwa na kitu isipokuwa mlango uliofungwa.

Angeweza kumrukia mumewe. Angekufa yeye, halafu magoti ya Randa yangevunjwa vile vile. Angeweza kupiga kelele. Jirani angeambiwa wanahamisha kochi. Kitu kimoja tu alikijua kuliko daktari na kuliko fundi wa viatu: alijua ni nini kilichoukata mshipa ule mara ya kwanza. Alikuwepo. Yeye ndiye aliyekuwa akifukuzwa.

"Misumari!" Hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Sauti ilitoka ikipiga mluzi kwenye pengo la jino. "Hakuna aliyekupiga. Ulianguka mwenyewe. Ulimkimbiza mwanamke, ukaanguka kama gunia la pumba, ukaona haya, ukasingizia mtu."

Nondo ikasita hewani.

"Umesemaje?"

"Nimesema ulianguka. Mtaa mzima unajua. Daktari alikucheka ulipotoka. Hata sasa hunikamati, kilema wewe."

Naye akakimbia.

Siku ile ya kwanza alikimbia kwa woga. Leo alikimbia kwa hesabu. Alizunguka meza polepole kidogo kuliko alivyoweza, akaruka jora, akamwacha aone mgongo wake, shingo yake, karibu kabisa, ya kushika. Alisikia nondo ikianguka, kwa kuwa mtu huyu shingo aliipenda kwa mikono mitupu. Alisikia hatua zile mbili nzito. Akasikia mguu wa kulia ukikita.

Pah!

Misumari alianguka pale pale, juu ya jora lile lile. Safari hii alipiga ukelele mrefu mwembamba ambao haukufanana naye, mikono imeshika nyuma ya kisigino, ambako ndani ya kiatu cha ngozi palikuwa na shimo mahali pa mshipa. Foronya alisimama mlangoni, anahema. Hakuwa na huruma. Alijichunguza kama mtu anayepekua mfuko, akaona kweli hana.

"Nani..." Misumari akasema kwa meno yaliyobana. "Nani kanipiga?"

Akageuza kichwa.

Randa alikuwa bado amebanwa na fremu kule kando, mikono haionekani. Foronya alikuwa mbele. Nyuma yake Misumari palikuwa na sakafu, misumari kadhaa ya zamani ambayo ufagio uliisahau, na mlango aliokuwa ameufunga kwa mkono wake mwenyewe. Aliutazama mlango huo muda mrefu. Aliutazama kama mtu anayengoja aliyempiga atoke amwombe radhi.

"Angalia vizuri," mkewe akamwambia.

Aliangalia. Kisha akashusha uso kwenye kitambaa cha jora, na mabega yakaanza kumtikisika, na kama alikuwa analia mguu au analia lile jambo lingine, hakuna aliyemuuliza. Mtenda akitendewa huhisi kaonewa. Huyu hakupata hata wa kudai kamwonea.

Foronya aliinua fremu kwa mgongo, akamtoa mdogo wake, akamfunga bega kwa kipande cha kitambaa cha maua kilichokusudiwa mito. Randa alitaka kuiokota nondo. Akamzuia.

"Toka ukaite mkokoteni. Apelekwe hospitali."

"Tumpeleke? Huyu?"

"Akashonwe. Atavishwa buti, atapewa kabari mpya. Kabari za hapa zimekwisha." Akamgeukia yule aliyelala juu ya jora, akamwambia bila kupandisha sauti: "Umesikia? Hapa ni kwa babangu. Ukipona, kanyaga kwingine."

Misumari hakujibu. Mdomoni hakuwa na msumari hata mmoja, na bado hakujibu.

Wabebaji walipofika, mlango wa barabarani ukawa unajirudi, kama ulivyokuwa ukijirudi miaka yote, ukiwagonga viwiko. Foronya alitazama huku na huku. Chini ya meza, alikoirushia mumewe, aliiona kabari moja ya kisigino. Aliiokota, akaifuta vumbi kwa kidole gumba, akainama na kuisukuma chini ya mlango mpaka ikakaza. Mlango ukabaki wazi, naye akasogea kando ili wapite.